Fremu Imepatikana, Sasa Je? Vidokezo 12 vya Leseni, Kodi na Umeme kwa Anayefungua Biashara Dar es Salaam

Dar es Salaam biashara nyingi huanza na fremu, yaani chumba cha duka cha kupanga. Dalali anapiga simu, fremu iko barabarani, ukichelewa hadi kesho utaikuta na kufuli la mtu mwingine. Pango la miezi sita linalipwa jioni hiyohiyo. Wiki ya pili rafu zimejaa bidhaa, rangi imekauka, na afisa biashara wa halmashauri anasimama mlangoni akiulizia leseni. Hapo ndipo mbio zinapoanza: Mamlaka ya Mapato (TRA), halmashauri, Zimamoto, shirika la umeme TANESCO, huku duka limefungwa na pango linaendelea kuliwa.

Nyaraka zote hizi zinapatikana, na nyingi ni za bei nafuu kuliko maneno ya mtaani yanavyodai. Tatizo huwa ni mpangilio. Kila karatasi inadai iliyotangulia, na anayeruka moja hurudishwa nyuma. Fuata vidokezo hivi kwa mfululizo wake, isipokuwa ukaguzi wa umeme na mita wa kidokezo cha 8 na cha 10, ambao hufanywa kabla ya kulipa pango. Kumbuka pia kwamba kila Julai 1 huanza kutumika Sheria ya Fedha mpya, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa thibitisha viwango vya mwaka huo katika ofisi ya TRA iliyo karibu nawe.

1. Kagua eneo kabla ya kumpa dalali chochote

Anzia serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa atakueleza mambo ambayo dalali hana haja ya kukuambia: kama kiwanja kimepangwa kwa makazi au kwa biashara, kama majirani walishalalamikia kelele au moshi, kama mwenye nyumba ana kesi na ndugu zake. Tazama na kuta. Jengo lenye alama ya X nyekundu mara nyingi liko kwenye hifadhi ya barabara, na hakuna leseni itakayolizuia lisivunjwe.

Jua pia uko kwenye halmashauri ipi. Mkoa una tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wengi wa Sinza hupanga foleni Kinondoni kwa mazoea ya zamani, kumbe Sinza iko Ubungo. Uliza hili mapema, kwa sababu leseni, ushuru na maafisa afya wote wanafuata mipaka hiyo.

2. Zungumzia kodi ya zuio kabla ya kusaini mkataba wa pango

Hapa ndipo wapangaji wengi wanapopoteza pesa bila kujua. Sheria ya kodi ya mapato inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango, aipeleke TRA, na mwenye nyumba apokee kilichobaki pamoja na cheti cha kuonyesha kwamba kodi yake imelipwa. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, inatoka kwenye kipato chake. Wewe ni mkusanyaji tu.

Mtaani mambo huenda kinyume. Mwenye nyumba anataka laki tatu zake kamili kila mwezi, na siku unapofuatilia karatasi TRA unakuta unadaiwa zuio la mwaka mzima. Kwa pango la shilingi 300,000 kwa mwezi, mwaka ni shilingi 3,600,000, na zuio lake ni 360,000. Hapo ongeza ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani 36,000, unaotakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba uliposainiwa.

Liweke wazi mapema, kwa heshima: "Mama, pango tumekubaliana laki tatu. Humo nitakata asilimia kumi ya TRA nikuletee cheti chake, au tuipange bei upya?" Akikubali, iandikwe kwenye mkataba. Akikataa, walau unajua gharama halisi ya fremu hiyo kabla hujalipa, na bado una nafasi ya kutafuta nyingine.

3. Sajili jina BRELA kabla ya kuchora bango

Kama utafanya biashara kwa majina yako kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, huhitaji kusajili jina la biashara. Ukitaka jina lingine, hata liwe la mwanao tu likifuatiwa na neno "Enterprises", lipeleke BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kila kitu kinafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na ufunguo wake ni namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA.

Tafuta kwanza kama jina limeshachukuliwa. Watu wamewahi kulipia bango, fulana za wahudumu na mihuri, halafu jina likakataliwa kwa kufanana na la mwingine. Usajili wa jina ni makumi ya maelfu tu ya shilingi. Bango, fulana na mihuri vikirudiwa vinagharimu zaidi ya hapo mara kadhaa.

4. TIN ni moja, usitafute ya pili

Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo. Anayekuomba pesa ya TIN anauza kitu ambacho serikali inakitoa bure.

Kama uliwahi kupata TIN kwa ajili ya leseni ya udereva au usajili wa pikipiki, namba ni hiyohiyo. Unachofanya ni kuomba ibadilishwe kutoka isiyo ya biashara kuwa ya biashara na kuingiza taarifa mpya: aina ya biashara, mtaa, simu. Taarifa ya mahali ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ndiyo inayoamua uhudumiwe na mkoa gani wa kikodi. Ukihama kutoka Kariakoo kwenda Tegeta, ihamishe TIN yako pia. Usipofanya hivyo, makadirio yako yataendelea kuhesabiwa kwa bei za Kariakoo wakati wewe unauza Tegeta.

5. Yajue mauzo yako kabla hujakaa mbele ya afisa wa kodi

Mfanyabiashara mdogo asiye kampuni hutozwa kodi ya mapato kwa makadirio, na makadirio hayo yanatazama mauzo ya mwaka. Sisitiza neno hilo kichwani: mauzo, siyo faida. Anayeuza vocha au unga anaweza kuwa na mauzo makubwa na faida nyembamba, na meza ya kodi inatazama mauzo.

Kwa hiyo fanya hesabu nyumbani. Chukua mauzo unayotegemea kwa siku, zidisha kwa siku utakazofungua kwa mwaka. Mauzo ya shilingi milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku. Chini ya hapo kiwango ni sifuri, na kundi hilo ndilo lililolengwa na vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza kutolewa kwa shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018.

Juu ya hapo, daftari ndilo linaloamua. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo ya milioni 6 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye mauzo yaleyale anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Panda hadi milioni 10: asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye nazo 180,000. Tofauti ya 70,000 inatokana na daftari la shilingi elfu mbili na dakika kumi za kila jioni.

Basi andika. Tarehe, bidhaa zilizoingia, mauzo ya siku, matumizi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Siku ya makadirio nenda na vielelezo: risiti za mtaji, mkataba wa pango, daftari la wiki chache kama ulishaanza. Afisa asiyeona karatasi yoyote atakukadiria kwa kutazama mtaa ulipo na duka la jirani yako.

Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne: kufikia Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Ziandike tarehe hizo ukutani, nyuma ya kaunta.

6. Leseni: jua kundi lako, na ujue inafunika nini

Leseni za biashara zinatolewa kwa mujibu wa Sheria Namba 25 ya 1972, na zimegawanywa makundi mawili. Kundi A ni biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, kama kuagiza na kusafirisha bidhaa nje ya nchi, na leseni zake hutolewa na BRELA. Kundi B ni biashara za ndani ya eneo, kama duka la rejareja, mgahawa, saluni na gereji, na leseni zake hutolewa na halmashauri. Wengi wetu tuko B.

Maombi ya Kundi B siku hizi hupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Unaweza kujaza ukiwa nyumbani kwa simu, lakini andaa kwanza hivi: namba ya NIDA, TIN, cheti cha TRA cha kuthibitisha kwamba huna deni la kodi, mkataba wa pango, cheti cha BRELA kama unatumia jina la biashara, na cheti cha taaluma kama kazi yako inadai taaluma. Sasa unaona kwa nini kidokezo cha 2 hadi cha 5 vimetangulia.

Mambo matatu kuhusu leseni watu huyasahau. Kwanza, inadumu miezi 12 tangu ilipotolewa, na kuchelewa kuihuisha huleta adhabu juu ya ada. Pili, inafunika mahali pamoja na biashara iliyotajwa ndani yake. Ukifungua tawi Mbagala, tawi linataka leseni yake. Ukianza kuuza nguo ndani ya saluni, hiyo ni biashara nyingine. Tatu, ibandike panapoonekana. Leseni iliyofungiwa kabatini nyumbani haimsaidii kijana uliyemwachia duka siku afisa anapopita.

7. Chakula, dawa, vileo na mizani vina milango yao

Leseni ya biashara peke yake haitoshi kwa shughuli hizi.

Ukiuza chakula, afisa afya wa halmashauri atakagua jiko, maji, choo na sehemu ya taka, na wahudumu wanaogusa chakula lazima wapimwe afya zao na upimaji urudiwe kila baada ya muda. Masuala ya usalama wa chakula na vipodozi yalihamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka 2019, wakati iliyokuwa TFDA ilipogeuzwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Jengo la famasi au duka la dawa muhimu linahitaji kibali cha Baraza la Famasi. Vileo vina leseni yake ya peke yake, na kamati inayoitoa hutazama umbali wa baa na makazi, shule na nyumba za ibada.

Na kama unapima kwa kilo, mzani wako unatakiwa uhakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo. Mteja aliyepunjwa anarudi kwa hasira. Aliyepimiwa sawasawa anarudi na jirani yake.

8. Mlete fundi umeme kabla ya kulipa pango, na awe na leseni ya EWURA

Kazi ya TANESCO inaishia kwenye mita. Nyaya zote zinazotoka hapo kuingia ndani ni jukumu la mwenye jengo, na ndizo zinazounguza maduka. Fremu nyingi zilizopangwa ubavuni mwa nyumba za makazi zimeunganishwa kwa kurefusha waya wa sebuleni: waya mmoja uliokusudiwa taa mbili na televisheni, sasa unabeba friji, feni na mashine ya juisi.

Mafundi wa kutandaza umeme hupewa leseni kwa madaraja na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Mwombe akuonyeshe yake, usione haya. Wale wanaoitwa vishoka, wanaojitambulisha kama watu wa TANESCO bila kitambulisho na kutaka pesa mkononi, watakuunganishia umeme leo na kukuachia kesi kesho. Kuchepusha umeme kabla ya mita ni kosa la jinai, na anayekutwa dukani ni wewe.

Fundi mzuri atafanya haya mbele ya macho yako. Atafungua kisanduku cha breka na kutazama kama nyaya zimeungua au zimelegea. Atatafuta waya wa arthi na kuufuata hadi kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini, kisha ataipima. Fimbo iliyozikwa kwenye kifusi kikavu au iliyokatika haitakusaidia siku friji ikipiga shoti. Atapima unene wa nyaya: milimita mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na zaidi ya hapo kwa jiko au mashine nzito. Mwisho atabonyeza kile kitufe kidogo chenye herufi T kwenye breka ya kukinga shoti. Ikiwa hai, itajizima papo hapo. Kitufe hicho kibonyeze mwenyewe kila mwezi baada ya hapo. Ni ukaguzi wa sekunde mbili na hauna gharama.

Kama kasoro ni za jengo, ni za mwenye nyumba. Zifanye sharti la mkataba: zirekebishwe kwanza, au gharama ipunguzwe kwenye pango.

9. Jumlisha wati kabla ya kuchomeka

Soketi ya kawaida ya Tanzania ina uwezo wa ampia 13. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu wati 3,000, na hapo ndipo mwisho. Draya moja ya saluni inaweza kula wati 1,500 hadi 2,000. Jagi la umeme, 2,000. Kikaango cha chipsi, hadi 3,000. Draya mbili kwenye kebo moja ya kurefusha tayari zimefika ukingoni, na ukiongeza pasi kebo inaanza kulainika na kunuka.

Geuza kila kifaa utazame kibandiko cha nyuma, andika wati zake, zijumlishe soketi kwa soketi. Friji na friza zipate soketi zake ukutani, zisiningʼinie kwenye kebo. Soketi yenye weusi, joto au harufu ya plastiki izimwe leo na ibadilishwe, isingoje mwisho wa mwezi.

Mashine ya kusaga nafaka, ya kuchomelea au oveni kubwa ya mikate huenda zikahitaji umeme wa njia tatu. Ombi hilo ni la TANESCO na linachukua muda, kwa hiyo litume kabla ya kununua mashine. Mashine ya njia tatu kwenye fremu ya njia moja itakaa kama pambo huku mkopo ukiendelea kudai.

10. Soma ujumbe wa LUKU

Kabla ya kuingia, omba mtumie mita ya fremu kununua umeme wa kiasi kidogo kwa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla, kisha usome ujumbe mzima. Humo utaona kama kuna deni linalokatwa. Utaona pia kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU: kwa viwango vya 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa.

Jengo ni la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Kubalianeni kwenye mkataba kama makato hayo yatarudishwa kwenye pango, na utunze ujumbe wa kila ununuzi kama ushahidi. Na kama mita ni ya pamoja na wapangaji wengine, dai mita yako au mita ndogo ya kugawia. Ugomvi wa nani kamaliza umeme umevunja ujirani mwingi mjini hapa.

11. Zimamoto wakija, wakukute tayari

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo ya biashara kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na ada yake hutegemea aina ya jengo na shughuli. Usiuchukulie ukaguzi huu kama tozo nyingine tu. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara walisimama nje wakitazama mtaji wa miaka mingi ukiteketea.

Kizima moto cha unga kinachofaa moto wa umeme kiningʼinizwe karibu na mlango, kwa urefu ambao mhudumu mfupi anaufikia. Mshale wa geji uwe kwenye kijani, na kihudumiwe kila mwaka. Mlango wa nyuma usigeuzwe stoo. Kila mfanyakazi ajue mambo matatu: meni swichi iko wapi, pini ya kizima moto inavutwaje, na kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji. Namba ya Zimamoto ni 114, na inapigwa bure. Kaa nayo kwenye kaunta, kwa maandishi makubwa.

12. Risiti, malipo na ukaguzi: usiache pengo

Mauzo yakifika shilingi milioni 11 kwa mwaka, ambayo ni kama 30,000 tu kwa siku, unatakiwa kutoa risiti za kielektroniki, kwa mashine ya EFD au kwa mfumo wa mtandaoni. Usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, unaanzia mauzo ya milioni 200, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023. Halmashauri nayo ina ushuru wa huduma, unaotozwa kama asilimia ndogo ya mauzo. Ni mdogo ukilipwa kwa wakati, lakini ukirundikwa kwa miaka unauma. Ulizia pia ada ya bango, ambayo hutegemea ukubwa wake, kabla fundi hajalikata.

Dai risiti unaponunua bidhaa, kisha uipige picha siku hiyohiyo. Maandishi ya risiti ya EFD hufifia kwa joto, na baada ya miezi michache chini ya mabati unabaki na karatasi nyeupe isiyothibitisha chochote.

Malipo yote ya serikali yana kumbukumbu namba yake, ile ndefu inayoanza na 99. Lipa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, na hakikisha jina la taasisi kabla ya kuthibitisha. Mkaguzi halali atakuonyesha kitambulisho na kukuachia karatasi. Mkaribishe, mpe kiti, mwonyeshe faili. Anayetaka "tumalizane hapahapa" hakupunguzii kitu, kwa sababu mwezi ujao atarudi yeye au mwenzake na deni lako bado litakuwapo kwenye mfumo. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113.

Ukiona umekadiriwa isivyo haki, usigombane dirishani wala kukimbia. Sheria inakupa siku 30 tangu ulipopewa makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, na utatakiwa kulipa sehemu ya kodi hiyo wakati pingamizi likisikilizwa. Hapo ndipo daftari lako litakapokutetea. Na biashara ikikataa, kwa sababu zipo zinazokataa, usifunge mlango ukaondoka kimyakimya. Toa taarifa TRA na halmashauri kwa maandishi, upate nakala yenye mhuri. Wengi wamerudi mjini baada ya miaka miwili wakakuta madeni ya duka lililokwisha kufa.

Kama una miadi na dalali wiki hii, nenda, lakini pesa ya pango ibaki nyumbani. Pitia kwanza serikali ya mtaa, mlete fundi mwenye leseni afungue kile kisanduku cha breka, na mkalishe chini mwenye nyumba kuhusu zuio. Fremu ikichukuliwa na mwingine wakati unafanya hayo, iache iende. Dar es Salaam haijawahi kuishiwa fremu, lakini mtaji ukiungua au ukaishia kwenye adhabu, kuurudisha ni kazi ya miaka.